Namna ya Kutunza Meno ya Mtoto na Kupata Matibabu ya Meno kwa Gharama Unayoimudu

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka saba alianza kutafunia upande mmoja. Nilipomwambia apanue kinywa, niliona gego la nyuma kabisa, upande wa chini kushoto, likiwa na shimo jeusi katikati, nikajituliza kwa maneno ambayo wazazi wengi hujituliza nayo: hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Halikuwa jino la utoto. Lilikuwa gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya magego yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa sababu hiyo mzazi huwa hana habari kwamba limeota. Siku tulipofika kliniki uozo ulikuwa umeshaingia kwenye kiini cha jino, palipo na mishipa ya fahamu na ya damu, na matibabu ambayo mwaka mmoja nyuma yangekuwa ya muda mfupi yalituchukua safari tatu, pamoja na fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa shughuli nyingine.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mzazi, mlezi au mwalimu ambaye hajafikia siku kama ile. Anayengoja mtoto alie ndipo amtafute daktari wa meno hulipa zaidi kuliko anayekwenda mapema, naye hulipa kwa ajili ya jino ambalo mara nyingi limeshaharibika. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Ugonjwa huo kwa sehemu kubwa unazuilika, na kazi ya kuuzuia hufanyika nyumbani, kwa vitu vichache.

Jino la utoto na namna linavyooza

Mtoto huota meno 20 ya utoto, kuanzia umri wa miezi sita hivi hadi karibu miaka mitatu. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita, lakini magego ya utotoni hubaki kinywani hadi umri wa miaka 10 hadi 12. Basi gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka minne bado lina miaka sita au zaidi ya kumtumikia. Likimuuma, hali vizuri, halali vizuri, na darasani hasikii anachofundishwa. Likitunga usaha, uambukizo unaweza kuliharibu jino la kudumu linaloumbika chini yake. Liking'olewa mapema mno, meno ya jirani husogea na kuibana nafasi, na jino la kudumu likija huota kombo.

Juu ya meno hujengeka ukoga, yaani utando laini unaonata, ambao ni makazi ya bakteria wengi. Mtoto anapokula au kunywa kitu chenye sukari, bakteria hao huitumia sukari hiyo na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya gamba gumu la nje la jino. Mate huipunguza makali asidi hiyo na kuyarudishia meno madini yaliyopotea, ila kazi hiyo huhitaji muda, kwa kawaida nusu saa au zaidi. Mtoto anayekunywa bilauri moja ya juisi pamoja na chakula hushambuliwa meno mara moja. Yule anayezunguka na juisi kiasi hicho hicho ndani ya chupa, akinyonya kidogo kidogo tangu asubuhi hadi mchana, mate yake hayapati hata nafasi ya kuanza kazi. Gamba la jino la utoto ni jembamba kuliko la jino la kudumu, kwa hiyo doa huweza kugeuka tundu katika miezi michache.

Kupiga mswaki, hatua kwa hatua

Anza siku jino la kwanza linapochomoza. Chagua mswaki wenye kichwa kidogo na nywele laini, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, madini ambayo hulisaidia gamba la jino kurudisha nguvu zake na kustahimili asidi. Soma maandishi madogo kwenye kasha au kwenye tyubu: kiwango kinachofaa ni kati ya ppm 1000 na ppm 1500 (ppm ni sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa). Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za watoto, zenye picha za wanyama na harufu ya matunda, zina floraidi pungufu ya hapo au hazina kabisa, nazo huwa na bei kubwa zaidi. Huna lazima ya kuzinunua. Dawa ya kawaida ya watu wazima iliyo ndani ya kiwango hicho yaweza kutumiwa na familia nzima, mradi ukubwa wa tone uangaliwe: mtoto aliye chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita apakiwe kiasi cha punje ya njegere. Dawa iwekwe na mtu mzima kila mara, kisha tyubu ihifadhiwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Katika maeneo yenye miamba ya volkano, maji ya baadhi ya visima huwa na floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho WHO inashauri kisivukwe, na watoto wanaoyanywa wakati meno yao ya kudumu yanaumbika ndani ya ufizi huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Mzazi anayeishi mahali kama hapo atafute maji mengine ya kunywa na ya kupikia mtoto, na aulize ushauri kwenye kituo cha afya kuhusu dawa ya meno, badala ya kuiacha kwa kukisia.

Mswaki upigwe mara mbili kwa siku, na mara ya usiku iwe ya mwisho kabisa kabla ya kulala. Kama kuna siku ambayo umechoka na unaweza kumpigia mara moja tu, chagua usiku, kwa kuwa mtu anapolala mate hupungua sana na kile kilichobaki kwenye meno hukaa hapo hadi alfajiri. Mtoto akimaliza ateme povu bila kusukutua kwa maji, ili floraidi iliyobaki iendelee kufanya kazi.

Sasa nieleze kwa mapana namna ya kumpigia mswaki mtoto mdogo, kwa sababu wazazi wengi hushindwa hapa na kukata tamaa. Keti kitandani au sakafuni, umlaze mtoto chali, kichwa chake kikiwa mapajani mwako, ili uone vizuri meno yote ya juu. Kwa kidole cha shahada cha mkono usioshika mswaki, inua mdomo wa juu. Utaona kijinyama chembamba kama uzi kinachounganisha mdomo na ufizi, katikati ya meno mawili ya mbele. Kikinge kwa kidole chako, kwa sababu mswaki ukikigonga huuma sana, na mtoto aliyeumizwa jana leo atafumba kinywa. Elekeza nywele za mswaki mahali jino linapokutana na ufizi, usugue kwa miduara midogo, meno mawili mawili, bila kukandamiza. Ukifika kwenye magego, upande wa shavu, mwambie afumbe kinywa kidogo: shavu litalegea na mswaki utapenya hadi nyuma. Maliza kwa sehemu za juu za magego, zile za kutafunia, ambazo zina mifereji inayoficha chakula. Dakika mbili zinatosha. Akilia, endelea kwa upole na kwa sauti ya kawaida. Baada ya wiki chache kinywa chake kitakuwa kimezoea.

Gego la miaka sita lina shida yake. Kwa miezi mingi baada ya kuchomoza huwa chini ya usawa wa meno mengine, hivyo mswaki unaopita mbele na nyuma huruka juu yake bila kuligusa. Uingize mswaki kutoka pembeni, kichwa chake kikikingama juu ya safu ya meno, na ulisugue hilo peke yake. Laiti ningelijua hili, mwanangu asingefikia alipofikia.

Mtoto apigiwe mswaki na mtu mzima, au asimamiwe kwa karibu, hadi atimize miaka saba au minane. Wa miaka mitano ana nia njema na anapenda kujitegemea, lakini mkono wake haujapata ustadi wa kufika kila pembe. Mwache aanze mwenyewe, kisha umalizie. Kila mtoto awe na mswaki wake, nao ubadilishwe baada ya miezi mitatu au mapema zaidi nywele zake zikitawanyika. Magego mawili yakigusana kiasi kwamba nywele za mswaki hazipiti kati yake, pitisha uzi wa meno hapo mara moja kwa siku.

Sukari, na hasa saa zake

WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, ilipendekeza sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa miaka minne, asilimia 10 ni kama gramu 30 kwa siku, na soda moja ya mililita 330 yaweza kuwa na gramu 35. Ukishazijua hesabu hizi, huna haja ya kupima kila kijiko. Weka utaratibu wa saa: kitu kitamu kiliwe pamoja na mlo, na kati ya mlo na mlo mtoto anywe maji au maziwa yasiyotiwa sukari. Baada ya mswaki wa usiku asile wala asinywe kitu kingine isipokuwa maji.

Chupa ya kulalia ndiyo inayoharibu meno ya watoto wadogo kwa kasi kubwa kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Mtoto anayelala na chupa ya juisi, ya chai yenye sukari au ya maziwa yaliyotiwa sukari hubaki na kinywaji hicho kimetuama nyuma ya meno ya juu ya mbele usiku kucha. Kumwachisha kunahitaji subira: punguza utamu siku hadi siku kwa kuongeza maji, hadi ndani ya wiki mbili hivi chupa ibaki ya maji matupu. Chuchu ya mpira isichovywe kwenye asali wala sukari. Mtoto anayetumia dawa ya maji kwa muda mrefu, kwa mfano ya kifafa au ya pumu, aombewe isiyo na sukari, na ikiwa haipo, apewe kabla ya kupigwa mswaki kila inapowezekana.

Inua mdomo mara moja kwa mwezi

Chagua siku moja ya mwezi ambayo hutaisahau, umsogeze mtoto dirishani au uwashe tochi ya simu, na uinue mdomo wake wa juu. Tazama ukingo wa meno unapokutana na ufizi. Jino zima hung'aa. Jino linaloanza kuoza huwa na mstari au doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, pembezoni mwa ufizi. Watu wengi huliona doa hilo wakadhani ni maziwa yaliyogandia au ni rangi ya jino. Hatua hii bado inarudishika kwa mswaki wenye floraidi na kwa kupunguza sukari, bila kuchonga chochote. Doa likigeuka njano au kahawia na likawa laini, au ukiona tundu, miadi ya kliniki isiahirishwe. Kijipele kwenye ufizi juu ya jino maana yake kuna usaha chini yake, hata kama mtoto halalamiki. Pigia picha unachokiona na utunze tarehe. Picha mbili zilizopishana miezi mitatu humweleza daktari mengi kuliko kumbukumbu yetu.

Hapa niseme neno kuhusu watoto wachanga. Kuota meno huleta udenda, ufizi kuvimba kidogo na mtoto kutotulia. Homa kali na kuharisha havitokani na jino. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya, wala ufizi wake usikatwe au kuchokonolewa na mtu yeyote.

Safari ya kwanza kliniki

Mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa afya ya kinywa na meno kabla hajatimiza mwaka mmoja, au ndani ya miezi sita tangu jino la kwanza kuchomoza. Najua wengi wataona ni mapema mno. Ziara hiyo huwa fupi, ni ya kumtazama kinywa na kumwelekeza mzazi, na humfanya mtoto azoee mahali hapo akiwa hana maumivu. Kabla ya kwenda, mwambie kwa maneno machache kitakachofanyika. Usimwahidi kwamba hatasikia chochote, na usitumie sindano ya daktari kumtisha anapokataa kula. Tishio hilo utalilipia siku utakapohitaji apanue kinywa.

Ukiwa kliniki, kuna kinga mbili ambazo inafaa uziulizie mwenyewe, kwa kuwa mahali pengi hazitajwi mpaka mzazi aulize. Ya kwanza ni kupaka vanishi ya floraidi, dawa nzito inayopakwa juu ya meno kwa brashi ndogo kwa dakika chache, mara mbili hadi nne kwa mwaka kulingana na hatari ya meno ya mtoto kuoza. Haihitaji sindano, mashine wala umeme. Ya pili ni kuziba mifereji ya magego ya kudumu kwa utomvu maalumu unaoganda, ili chakula na bakteria visijifiche humo. Wakati mzuri ni mara tu magego hayo yanapochomoza vya kutosha: ya kwanza akiwa na miaka sita au saba, ya pili akiwa na miaka 12 hivi. Gharama ya kuziba mifereji ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kutibu kiini cha jino.

Jino likiwa limeshatoboka

Wazazi wengi hudhani kuna njia mbili tu, kuchonga na kuziba au kung'oa. Kuna nyingine, na baadhi yake ni za bei nafuu.

Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hudondoshwa ndani ya tundu na mara nyingi husimamisha uozo bila ganzi wala kuchonga. Huiacha sehemu iliyooza ikiwa nyeusi moja kwa moja, na mzazi anapaswa kuelezwa hivyo mapema akaamua. Kwa mtoto mdogo anayeogopa, au familia ambayo haiwezi kulipia matibabu makubwa kwa sasa, naona weusi huo ni gharama inayokubalika. Ipo pia njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono pekee na kuziba kwa saruji ya meno inayotoa floraidi. Njia hii ilianza kutumika Tanzania katikati ya miaka ya 1980, mahali ambapo hapakuwa na umeme wala mashine ya kuchongea, kisha ikaenea duniani. Kwa magego ya utotoni yaliyooza pande zaidi ya moja, kofia ya chuma inayovishwa juu ya jino, mara nyingine bila kuchonga kabisa, hudumu hadi jino ling'oke kwa wakati wake. Mwaka 2021 WHO iliingiza dawa ya meno yenye floraidi, dawa ya fedha na floraidi, na saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Mzazi anaweza kulitaja jambo hilo kwa heshima anapoambiwa kwamba mambo hayo hayajulikani.

Wakati mwingine kung'oa ndiyo tiba sahihi, hasa jino la utoto likiwa na usaha. Uliza basi kama mtoto atahitaji kifaa cha kushikilia nafasi hadi jino la kudumu litakapoota.

Kupata matibabu unayoyamudu

Woga wa gharama huwazuia watu wengi hata kabla hawajaijua gharama yenyewe. Pita kituoni au piga simu, ukiwa na karatasi, uulize bei za mambo manne: kumtazama mtoto, kupaka vanishi, kuziba jino moja na kung'oa jino la utoto. Uliza katika vituo viwili au vitatu, kwa maana bei hutofautiana sana kwa kazi ile ile. Kisha uliza swali la tano ambalo wengi huliona la aibu: je, kuna msamaha au punguzo kwa watoto? Katika nchi nyingi watoto wa umri fulani hutibiwa bure au kwa gharama ndogo katika vituo vya umma, na haki hiyo hupotea kwa sababu hakuna aliyeiulizia. Hospitali yenye afisa ustawi wa jamii humruhusu afisa huyo kusikiliza familia isiyoweza kulipa. Mwone kabla ya matibabu, ukiwa na vielelezo vya hali yako, kwani baada ya ankara kuandikwa mambo huwa magumu zaidi.

Vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno kwa kawaida huwa na kliniki ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Bei huwa chini na kazi hukaguliwa hatua kwa hatua, ila ziara huchukua muda mrefu, kwa hiyo panga siku ambayo huna haraka. Matabibu wa meno walio katika vituo vidogo wanaweza kufanya kazi nyingi za msingi, na si lazima kila jino limfikie daktari bingwa. Kambi za uchunguzi zinazokuja kwa siku chache ni nzuri kwa kutazamwa na kupakwa vanishi; zikitoa matibabu, uliza ni nani atakayemwona mtoto likitokea tatizo baada ya wao kuondoka.

Mwenye bima ya afya asome sehemu ya meno kwa utulivu, kwani mara nyingi huduma hiyo huwekwa kando na nyingine. Angalia kama kinga imejumuishwa, kiwango cha juu cha mwaka kwa kila mtoto, muda wa kungoja kabla ya kuanza kutumia, na kama kibali kinahitajika kabla ya matibabu. Kiwango cha mwaka kikikaribia kuisha, unaweza kumwomba daktari baadhi ya kazi zisizo za haraka zingoje mwaka mpya wa bima.

Ukiambiwa mtoto ana meno mengi ya kutibiwa, omba mpango ulioandikwa wenye bei ya kila jino, na umwombe daktari aupange kwa uzito: kwanza maumivu na uambukizo, halafu magego ya kudumu, kisha meno ya utoto yatakayokaa muda mrefu, na mwisho yale yanayokaribia kung'oka yenyewe. Mpango wa namna hiyo hulipika kwa awamu, na unaweza kuupeleka kwa mtaalamu mwingine kwa maoni ya pili. Usiombe punguzo kwa kukubali vifaa visivyotakaswa. Mtu anayeng'oa meno bila leseni, kwa vifaa vilivyosuuzwa tu, anaweza kumwambukiza mtoto homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Una haki ya kuomba pakiti ya vifaa ifunguliwe mbele yako. Vilevile, kununua viuavijasumu kila jino linapouma ni kutupa fedha, kwa kuwa chanzo hubaki ndani ya jino na maumivu hurudi.

Kazi ya shule na ya jamii

Mzazi mmoja hawezi kubeba haya yote, na watoto ambao hawana wa kuwainulia mdomo ndio wanaoumia zaidi. Shule ya awali inaweza kuanzisha mswaki wa kila siku kwa gharama ndogo. Huko Scotland, mpango wa Childsmile umewafanya watoto wa shule za awali kupiga mswaki kila siku chini ya usimamizi. Hayahitajiki mabomba ya maji. Mwalimu huweka matone ya dawa pembezoni mwa sahani safi, yakiwa mbalimbali, kila mtoto huchukua lake kwa mswaki wake, hupiga mswaki akiwa ameketi, na hutema kwenye karatasi laini inayotupwa. Miswaki huandikwa jina, husuuzwa, na husimamishwa wima kwenye kibao chenye matundu ili ikauke bila kugusana. Kamati ya wazazi inaweza kununua miswaki na dawa kwa jumla, ikamwomba mtaalamu kutoka kituo cha karibu awatazame watoto mara moja kwa mwaka, na ikakubaliana na uongozi kuhusu vinywaji vinavyouzwa ndani ya uzio wa shule.

Mnapoandika barua kwa mamlaka ya afya, ombeni jambo mahususi, kwa mfano vanishi ya floraidi itolewe siku za chanjo, au dawa ya meno isitozwe kodi kubwa. Mpango wa WHO wa miaka ya 2023 hadi 2030 unalenga asilimia 80 ya watu wawe na haki ya kupata huduma za msingi za kinywa ifikapo mwaka 2030. Utajeni, kwa sababu nchi wanachama zimeukubali.

Mambo yasiyongoja miadi

Mtoto mwenye uvimbe wa uso, hasa ukielekea jichoni au chini ya taya, au mwenye homa pamoja na uvimbe, au anayeshindwa kumeza, kupumua vizuri au kupanua kinywa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kwa maumivu ya kawaida wakati mnangoja kutibiwa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Asipewe aspirini, wala isiwekwe juu ya ufizi, maana huunguza.

Jino la kudumu liking'oka kwa kuanguka au kugongwa, lishike upande wa kutafunia, usiuguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kwa maziwa au maji safi kwa sekunde chache bila kulisugua, ulirudishe mahali pake, na mtoto aume kitambaa ili litulie. Ikishindikana, liweke ndani ya maziwa baridi, lisikauke, na mfike kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Kila dakika inayopita hupunguza uwezekano wa jino kushika tena. Jino la utoto lililong'oka hivyo halirudishwi, kwa sababu kulisukuma ndani kunaweza kuliumiza la kudumu linaloumbika ndani ya ufizi, lakini mtoto atazamwe hata hivyo. Andika leo namba ya kituo cha karibu kinachopokea wagonjwa usiku, uibandike mahali ambapo hata dada anayebaki na watoto ataiona, na umwonyeshe yaliko maziwa.